Ugonjwa wa Mjomba Lukasi

Jumatatu, 11 Septemba 1950. Nachingwea.

Stoo ya mradi wa karanga tangu asubuhi. Filta za mafuta zimekuja nyingi, nati za katapila hazikuja hata moja. Mzungu wa stoo alinikaripia kana kwamba mimi ndiye niliyezizuia bandarini. Nikasema ndiyo bwana. Homa kidogo mchana. Nimekunywa kwinini, masikio yanavuma.

Wakati wa chakula sikwenda kula. Nimeanza hadithi ya tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mtu aliyekwenda mwezini kwa chombo cha chuma. Ya pili, redio inayonasa sauti za watu ambao hawajazaliwa. Gazeti la Dar es Salaam lilizichapa zote mbili, juu yake neno HADITHI kwa herufi kubwa. Kosmas, karani wa mahudhurio ninayelala naye chumba kimoja, alizisoma kwa sauti huku akicheka mpaka akakohoa. "Vitalis, huko mwezini wanatoa posho?"

Hii ya tatu haiendi. Nataka kuandika mambo ya wajukuu wetu na mashine zao. Naandika mstari, nakata.

Alhamisi, 14 Septemba

Sijui niandike vipi. Niandike tu.

Nilitoka nje ya stoo kukagua katapila iliyorudi kutoka kung'oa visiki. Bamba lake la mbele limesuguliwa na udongo mpaka linang'aa kama kioo. Jua likapiga pale, mwanga ukanijia usoni. Jua la kawaida mtu hufumba macho na limekwisha. Huu uliingia ukakaa. Rangi yake kama ndani ya papai lililoiva. Kelele za kambi zikaisha.

Hakuna sauti iliyosema. Nilijua tu, kama ninavyojua jina langu. Kwamba mashine hazitaridhika na mafuta. Kwamba watu watalala kwa safu ndani ya nyumba ndefu nyeupe, mipira myembamba kama mirija mikononi mwao, mashine zikinywa damu taratibu, na watu wanatabasamu usingizini kwa kuwa hawaumwi. Kwamba imekwisha kuanza. Halafu nikajua kwamba natakiwa niandike.

Nilijikuta nimekaa chini. Dereva ananimwagia maji. "Karani, leo umekula kweli wewe?"

Nimeogopa. Lakini zaidi nilifurahi. Furaha ile inanitia aibu.

Jumapili, 17 Septemba

Misa. Sikupokea komunyo. Padri alinitazama, nikainama kufunga kamba za viatu.

Nilitaka kumwambia. Ningeanzaje? Angeuliza kama kwetu kuna mtu aliyepata kuugua hivi. Yupo. Mjomba Lukasi, kaka yake mama, katekista wa Chinongwe, kijijini kwetu. Na yeye alianza na mwanga, akipalilia mahindi. Akawatangazia watu kwamba mto Mbwemkuru utapanda na kufunika nchi mpaka Ruangwa. Watu wakapanda kilimani na mikeka na kuku wao. Wakakaa huko wakichomwa na jua, kisha wakashuka. Baadaye alifungwa kamba kwenye nguzo ya ghala la mahindi. Mimi ndiye niliyempelekea uji. Alikuwa anasema asante kwa adabu sana. Alikufa akiwa amefungwa.

Nyumbani ugonjwa ule hautajwi. Linalotajwa ni jina lake. Kwetu mpwa humrithi mjomba, na baada ya mavuno yajayo mimi ndiye nitakayekalishwa kwenye mkeka wake na kuitwa Lukasi. Niliwahi kumwuliza mama kama kinachorithiwa ni jina tu. Akachukua mtungi akaenda kisimani. Mitungi ilikuwa imejaa.

Ijumaa, 22 Septemba

Hadithi imekwisha. Hakijanitoka kitu kwa urahisi hivi. Hakuna nilichokata.

Nilipoinakili safi, kalamu ilisimama juu ya karatasi, mahali pa neno HADITHI. Nikiliandika, nasema mwanga ule ulikuwa uongo. Nisipoliandika, nasema nini? Sikuliandika. Jina langu pia sikuliweka. Chini niliandika "Kutoka Nachingwea" basi. Nimeipeleka posta.

Mimi ni mtu mwangalifu. Nati nazihesabu, nazirudia tena. Sikusahau neno lile.

Jumamosi, 7 Oktoba

Imechapwa. Wameiweka kwenye ukurasa wa habari, kati ya bei ya ufuta na daraja lililovunjika. Hawakuongeza neno lolote juu yake.

Kosmas aliisoma kwenye hoteli ya chai, mbele ya madereva. Alianza kwa sauti yake ya mzaha. Katikati mzaha ukamwisha.

"Kutoka Nachingwea," alirudia. "Yaani hapa hapa?"

Dereva mmoja Mmakonde akaweka kikombe chini. "Ndiyo maana Issa hakurudi kutoka hospitali."

"Issa alikuwa na kichomi," akasema mwenzake.

"Nani alikwambia ni kichomi? Si wao wenyewe?"

Hakuna aliyemaliza chai. Njiani Kosmas akaniuliza kama ni yangu. Nikasema hapana.

"Maana ungekuwa wewe wangeandika hadithi juu."

"Basi si hadithi," nikamjibu.

Nimemwambia hivyo rafiki yangu, bila kupepesa macho.

Jumanne, 10 Oktoba

Vibarua wengi hawakuja. Kosmas ameandika hayupo, hayupo, mpaka mkono umechoka. Wanasema mumiani wamerudi, wale wanyonya damu ambao bibi zetu walitutisha nao, ila safari hii wana mashine. Mgonjwa mmoja katoroka hospitali na bandeji zake.

Mwanga haujarudi. Mchana naenda kusimama mbele ya lile bamba, kama mbwa kwenye mlango wa jiko. Napata machozi tu. Hasira pia. Ukinituma jambo, kaa basi tulimalize pamoja.

Silali vizuri. Nakula kwa sababu Kosmas ananitazama.

Jumapili, 15 Oktoba. Ruangwa.

Nimepata ruhusa ya siku mbili kwenda nyumbani. Lori limetushusha sokoni.

Fundi cherehani Mzee Saidi alikuwa anasoma gazeti barazani. Gazeti likimfikia hulisoma mpaka lichanike. Anasoma mstari kwa Kiswahili, kisha anawaeleza wazee kwa Kimwera. Nilisimama nyuma ya watu. Ilikuwa yangu. Nilizisikia sentensi zangu moja baada ya nyingine. Kwenye Kimwera mipira yangu ilikuwa imenenepa, na wale waliolala hawakuwa wanatabasamu tena.

Mama mmoja mwenye kapu la choroko akauliza, "Sasa hao watu wanawapataje? Mtu anakwenda kulala tu?"

"Wanaonja kwanza," akasema mzee mmoja. "Wanachoma kidole, wanatazama damu ipi nzuri."

"Dresa."

"Ehe. Yule wa vioo."

Dresa huyo, mhudumu wa zahanati, namjua kwa sura. Kijana wa Matambarale, Mwislamu, anapita vijijini na sanduku la vioo vidogo. Anachoma kidole, anapaka tone la damu kwenye kioo, ili ijulikane nani ana malale. Akikuta mtu ana homa, anampeleka zahanati. Hiyo ndiyo kazi yake.

Katika hadithi yangu hakuna dresa. Sikumwandika kabisa. Nilisimama pale najiambia hivyo, kama mtu anayetafuta hakimu. Kisha nikaondoka.

Jumatatu, 16 Oktoba. Chinongwe.

Fidelis anaumwa. Ni mtoto wa dada yangu Adelina, ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele. Homa na kichwa. Hakunikimbilia kama siku zote.

Dresa alipita juzi. Walimficha mtoto ghalani, chini ya magunia. Vijana wakamfukuza dresa kwa mawe. Sanduku limevunjika, kiatu chake kimoja bado kiko njiani. "Alikimbia kama kanga," wanasema, na wanacheka. Adelina hacheki.

Jioni mama aliniuliza mbele ya watu wote. "Mwanangu, wewe unakaa nao huko. Ni kweli wananyonya damu?"

Shemeji, mume wa Adelina, aliacha kutafuna.

Nikasema, "Sijui, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. Baadaye nilimsikia uani akimwambia jirani, "Hata mwanangu karani hakukataa."

Nilisema sijui, na ni kweli sijui. Na ndilo jambo baya kuliko yote niliyowahi kufanya.

Jumanne, 17 Oktoba. Nachingwea.

Nimerudi. Ruhusa ilikwisha. Nimemwacha mtoto pale. Nilimgusa paji la uso, nikapanda lori.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mtu wa kwetu amekuja kuuza muhogo kambini. Anasema Fidelis shingo imekakamaa. Mlango ukifunguliwa mwanga ukamfikia, anapiga kelele. Bibi yake ameweka mikeka dirishani.

Niliomba ruhusa. Mzungu wa stoo akasema nimetoka ruhusa juzi tu. Nikamwambia mtoto atakufa. Akasema kila kibarua ana mtoto anayekufa ikifika siku ya kuhesabu mali. Mdomo wangu ukasema ndiyo bwana. Nikatoka, nikapita mlango wa stoo, nikaendelea kutembea.

Ijumaa, 20 Oktoba. Chinongwe.

Nimesema. Hakuna aliyeniamini.

Walikaa uani: mama, shemeji, Babu Makota ambaye ndiye mkubwa wa ukoo, na vijana wa mawe. Niliwaambia ile habari niliiandika mimi. Niliitunga. Hakuna nyumba nyeupe, hakuna mipira. Mtoto aende hospitali leo.

Babu Makota aliniuliza kwa upole. "Gazeti linatoka Dar es Salaam. Wewe ulikuwa Nachingwea. Uliandikaje?"

"Nilituma kwa posta, babu."

"Wakakulipa?"

"Hapana."

"Kwa hiyo ulifanya kazi bure, ya kusingizia watu ambao wanakupa mshahara."

Watu wakacheka. Kijana mmoja hakucheka. "Wamemtuma," alisema. "Wameona watu wamegoma, wakasema mtume huyu, ni mtoto wa pale. Mshahara wake unatoka wapi?"

Nikasema mimi ni mjomba wa Fidelis, na mjomba akisema mtoto aende, anakwenda.

"Bado hujakaa kwenye mkeka wa Lukasi," akasema Babu Makota. "Ukishakaa utaamuru."

Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha mtoto, mikono ameishika kwenye miimo miwili. Hata mimi asingenipisha.

Shule yote niliyosoma. Nimeandika uongo wakauita kweli. Nimesema kweli wameiita uongo.

Jumamosi, 21 Oktoba

Hii naiandika kwenye lori, mwandiko ni mbaya.

Asubuhi niliona kuna mlango mmoja tu. Niliuona tangu jana, nikaogopa kuutazama. Nilikwenda kwenye ghala la mahindi nikashika ile nguzo. Bado ina alama ya kamba. Nikakaa chini, mgongo kwenye nguzo, mahali alipokuwa akikaa. Nikamwita mama kwa sauti. Walikuja wote, majirani pia.

Nikasema: kilichomshika Mjomba Lukasi kimenishika mimi. Niliona mwanga mchana, kama yeye. Nikajua mambo yajayo, kama yeye. Yeye aliwaambia kwa mdomo mto unakuja, mkapanda kilimani na kuku. Mimi sikuwa na mimbari, nikaandika gazetini. Mmekaa tena kilimani, na mmekaa na mtoto.

Hakuna aliyecheka. Mama alijifunika mdomo kwa kanga. Miaka yote hii hajausikia ugonjwa ule ukitajwa uani kwake.

Babu Makota alinisogelea. "Mwanga ulikuwa wa rangi gani?"

"Kama papai, babu. Kwa ndani."

Akafumba macho. "Ndivyo alivyosema," akawaambia watu. "Papai. Ndivyo alivyosema Lukasi." Kisha akawaambia vijana wakate miti ya machela.

Mama akapisha mlango.

Sikujua kwamba mjomba naye alisema papai. Au nilisikia nikiwa mdogo, nikisubiri bakuli la uji, nikasahau? Nilidhani natoa uongo mkubwa ili mtoto apone. Sasa sijui kama nilisema uongo.

Fidelis yuko mapajani kwa Adelina, kichwa wamekifunika. Kila lori likiruka analia. Mimi wamenikalisha pembeni, na shemeji ameshika mkono wangu. Si kwa upendo. Ananilinda nisiruke.

Jumanne, 24 Oktoba. Nachingwea, hospitali.

Wamemdunga sindano mgongoni, wanasema ni homa ya uti wa mgongo. Walipotoa bomba Adelina alinitazama mimi, si daktari. Bado anaogopa hadithi yangu, na mtoto wake yumo ndani yake.

Daktari aliuliza homa ilianza lini. Nilimwambia. Akauliza kwa nini hatukumleta. Nilimwambia na hilo pia, yote. Aliandika, akaenda kitanda kingine. Ningependa angenitukana.

Nimelituma neno gazetini. Mistari miwili: habari ile ni hadithi ya kubuni, nimeitunga mimi, na jina langu chini.

Jumatano, 1 Novemba

Homa imeshuka. Amekunywa uji. Amemfahamu mama yake, amemshika kidevu.

Hasikii. Adelina alipiga makofi nyuma ya kichwa chake, taratibu, halafu kwa nguvu, halafu akachukua bakuli la bati akaligonga kwa kijiko mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akalalamika. Fidelis aliendelea kutazama nzi dirishani. Daktari anasema hatasikia tena. Angeletwa mapema huenda isingefika huko. Alisema huenda. Mimi nimeliondoa neno hilo.

Adelina hajanilaumu. Anasema ugonjwa haulaumiwi. Yaani mimi.

Kosmas alikuja na mkate. Amemwambia mzungu wa stoo kwamba nimepatwa na kichaa cha homa, ili isiwe utoro. Kwa hiyo na kambini mimi ni kichaa. Wamenipa likizo, hawakusema mwisho wake. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akamkunjia Fidelis ndege ya karatasi. Alipoondoka akasema, "Ile ya mwezini ilikuwa nzuri zaidi, ndugu yangu."

Nikamwambia najua.

Mistari miwili gazeti halijaichapa.

Jumapili, 26 Novemba. Chinongwe.

Mvua za kwanza. Watu wako mashambani, mimi sikuruhusiwa. Jua si zuri kwangu, anasema mama. Anazungumza nami kwa sauti kubwa na polepole. Panga amelihamishia kwa jirani. Muhogo ananikatia vipande vidogo, anaupoza kwanza. Nakula. Nikikataa atalia.

Mkeka wa mjomba atapewa Bonifasi, mtoto wa mama mdogo, yule wa Matambarale. Babu Makota alikuja kuniambia mwenyewe. Nikasema ni sawa. Na ni sawa.

Dresa amerudi wiki hii. Sanduku jipya, viatu vipya. Watu wanampa vidole sasa, wanasema ile ilikuwa ndoto ya ukoo wa Lukasi. Mimi nilitoa kidole wa kwanza. Alinichoma, akapaka kioo, akasema asante mzee, ingawa tunalingana umri. Pembeni ya jicho ana kovu jipya. Nilikuwa na maneno. Nimekaa nayo.

Mwanga haujaja. Sijui nitafanya nini ukija. Siandiki tena kitu kingine ila haya.

Watoto wote wa hapa wamekatazwa kunikaribia. Nasikia mama zao wakiwaita nikitoka nje. Fidelis peke yake anakuja. Hakusikia walipomkataza.

Leo amekaa nami barazani mvua ikinyesha. Anaonyesha kitu kwa kidole, mimi nakitaja jina, yeye anatazama mdomo wangu. Kuku. Mchi. Maji. Akichoka hulala hapa hapa, begani kwangu, na mimi sijisogezi.